Akili unde: Je, tuna hisa katika ushirika huu?

Wahenga walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawakujua kuwa ingefika siku ambapo nywele zingenunuliwa dukani na akili nayo ingekodiwa kwa mwezi. Siku hiyo imefika. Nywele bandia tumekwisha kuzizoea, wala hakuna tena anayegeuka barabarani kumtazama aliyezivaa. Akili bandia ndiyo inayotukosesha usingizi sasa, hasa sisi ambao kazi yetu ni kufundisha.

Hivi majuzi nilialikwa kuzungumza na walimu wa Kiswahili wa shule za upili. Nilikuwa nimeandaa mhadhara kuhusu ngeli, nao haukusomwa. Kabla sijafungua karatasi zangu, mwalimu mmoja aliyekula chumvi nyingi katika kazi hii alisimama akaniuliza: "Daktari, insha ninazozisahihisha usiku ni za nani?" Ukumbi mzima ulinyamaza. Sikuwa na jibu la kumpa siku hiyo. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu, ijapokuwa nimechelewa.

Swali linaloulizwa kila mahali ni kama mashine hizi zitakuwa mshirika wa binadamu au mshindani wake. Mimi ni mwanaisimu, na mwanaisimu hupenda kuanza na maneno. Tazama jinsi tunavyokiita kitu chenyewe. Wapo wasemao akili bandia, wapo wasemao akili unde, na wenzetu wengi wa Tanzania wameshika akili mnemba. Majina haya hayana uzito mmoja. Bandia ni neno la lawama: tunasema noti bandia na dawa bandia. Anayetumia neno hilo amekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikizwa. Unde latokana na kuunda, kitenzi tunachokitumia kwa jahazi na pia kwa kamati. Anayesema akili unde anatukumbusha kwamba yupo fundi aliyeiunda, na nyuma ya fundi yupo aliyemlipa fundi. Kwa sababu hiyo nitalitumia neno hili la pili. Naomba msomaji aikumbuke sababu yenyewe, kwa maana nitairudia.

Mashine hizi hufanyaje kazi? Kwa ufupi, hulishwa maandishi mengi kupita kiasi ambacho binadamu yeyote angeweza kusoma katika maisha yake. Kutokana na maandishi hayo hujifunza kukadiria ni neno gani, au kipande gani cha neno, kinachoelekea kufuata kingine. Rudia makadirio hayo mara nyingi na sentensi itatokea, kisha aya, kisha insha nzima. Hilo ndilo lililoushangaza ulimwengu programu ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Hoja muhimu kwetu ni kwamba mashine hujua lugha kwa kadiri ya chakula ilichopewa. Karibu nusu ya yaliyomo katika tovuti za intaneti ni Kiingereza. Kiswahili, ambacho UNESCO inakadiria kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200, hakifiki hata asilimia moja. Mashine imeshiba Kiingereza, nacho Kiswahili imekionja tu.

Matokeo yake niliyaona mwaka uliopita katika mtaa ninakoishi. Tangazo la chanjo ya watoto lilibandikwa ukutani. Aliyelitayarisha alikuwa ameandika kwa Kiingereza kisha akaiachia mashine kazi ya kutafsiri. Tangazo likawaambia akina mama waje "saa 8 asubuhi". Msomaji wa Kiswahili anajua kwamba hakuna saa nane ya asubuhi. Ipo saa nane ya mchana na ipo saa nane ya usiku. Wazungu huanza kuhesabu saa zao usiku wa manane na adhuhuri, sisi twahesabu tangu jua linapochomoza na linapotua. Baadhi ya akina mama walifika saa nane mchana wakiwa na watoto mgongoni, wakakuta wauguzi wanafunga masanduku. Bibi mmoja mzee ndiye aliyekuja kueleza kosa lilikuwa wapi. Bibi huyo hakupata kusoma zaidi ya darasa la nne.

Walimu wengi husimama hapo na kushangilia. Husema, mwaona, mashine haijui kitu! Mimi naomba tusishangilie. Nilipoijaribu tena sentensi ile ile kwa programu nyingine, ilinipa "saa mbili asubuhi" bila kusita. Makosa ya ngeli niliyokuwa nikiyakusanya kwa furaha miaka mitatu iliyopita, kama vile "kiboko kimekufa" badala ya "kiboko amekufa", yamepungua sana. Mtu akijenga hoja yake juu ya makosa ya mashine, atakuwa amejenga juu ya mchanga, maana makosa hayo yanapungua kila mwaka. Tatizo letu linaanzia pale mashine inapopatia, wala si pale inapokosea.

Nitaeleza nilivyolitambua jambo hilo. Niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi dogo. Kila mmoja aandike kuhusu methali moja aliyoisikia nyumbani kwao: ilisemwa na nani, siku gani, na kwa sababu gani. Karatasi ziliporudi, nyingi zilikuwa safi mno, hazina kosa la tahajia, zote zikiwa na aya tano, na zote zikimalizia kwa kusema kwamba "ni muhimu kukumbuka". Ndani yake zilijaa semi ambazo zina mwili wa Kiswahili na roho ya Kiingereza. Niliambiwa kwamba methali "inacheza jukumu muhimu" katika jamii. Jukumu halichezwi, jamani. Ngoma ndiyo huchezwa, na jukumu hubebwa. Mwanafunzi mmoja aliniletea methali isemayo kwamba mti wa hekima humwagiliwa kwa subira. Nilimwuliza ni nani aliyeisema kwao. Akainama. Methali hiyo haijapata kusemwa na mtu yeyote. Mashine iliifinyanga kwa kuwa iliombwa methali, nayo haina aibu ya kusema sijui.

Katika rundo hilo kulikuwa na karatasi moja ya msichana anayetoka Lamu. Aliandika maneno ya nyanya yake jinsi yalivyotamkwa. Palikuwa na "kitwa" badala ya kichwa, "nti" badala ya nchi, na "mai" badala ya maji. Pamoja na karatasi hiyo alikuwa ameambatisha nyingine. Aliniambia, "Mwalimu, niliogopa utanikata alama, basi nikaipeleka kwa mashine inisahihishie. Lakini niliposoma ilichoandika, sikumsikia nyanya." Katika karatasi ya pili kila kitwa kilikuwa kimekuwa kichwa, kila nti ilikuwa nchi, na mai yalikuwa maji. Hapakuwa na kosa hata moja, wala hapakuwa na nyanya. Nilimpa alama za juu kabisa kwa ile karatasi ya kwanza, nikabaki nayo mezani siku nyingi nikiitafakari.

Wasomaji wanaoifahamu historia ya lugha yetu watakuwa wamekumbuka jambo. Mwaka 1928 palifanyika mkutano mjini Mombasa ambao uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyosimamia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kamati ilisanifisha tahajia, ikapitisha vitabu vya shule, ikaamua lipi ni neno na lipi si neno. Ilichukua miaka mingi kabla ya Mwafrika kuketi humo kama mjumbe. Kimvita na Kiamu, lahaja zilizobeba tenzi na mashairi ya karne nyingi, ziliambiwa zikae kando. Malalamiko ya watu wa Mombasa na Lamu hayajaisha hadi leo, na mimi siwalaumu.

Hata hivyo usanifishaji ulikuwa na faida zake. Bila Kiswahili sanifu pasingekuwa na gazeti hili, wala mtihani mmoja wa taifa, wala mwalimu wa Busia asingefundisha kitabu kilichoandikwa Dar es Salaam. Tena kamati ile ilikuwa na anwani. Ungeweza kuiandikia barua, kuigombeza, hata kungoja wajumbe wake wastaafu. Baada ya uhuru kazi yake iliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa mikononi mwetu wenyewe. Leo tumepata kamati mpya ya kusanifisha Kiswahili. Haina mwenyekiti tunayemfahamu, haina mkutano, haina kumbukumbu, na vikao vyake hufanyika kila sekunde katika simu ya kila mwanafunzi. Kamati hiyo huandika "inacheza jukumu" mara elfu kwa siku. Mwanafunzi akisoma maneno hayo mara elfu atayaona kuwa ndiyo Kiswahili, naye atayaandika kwenye intaneti, na mashine itakayoundwa mwaka kesho itayala tena. Mshindani wa nyanya wa Lamu ndiye huyo. Haji kumnyang'anya kazi, anakuja kumnyang'anya masikio ya mjukuu wake.

Wapo wanaotutuliza kwa mfano wa sataranji. Mwezi wa Mei 1997, mjini New York, tarakilishi ya kampuni ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi tatu na nusu dhidi ya mbili na nusu. Watu walisema mchezo umekufa. Haukufa. Mwaka uliofuata Kasparov mwenyewe alicheza pambano ambalo kila mchezaji alisaidiwa na tarakilishi, na leo wachezaji wote wakubwa hufanya mazoezi na mashine. Mfano huu ni mzuri, ila una kasoro moja. Mchezaji wa sataranji hutazamwa kwa kuwa ni mtu. Hakuna anayelipa kiingilio ili kutazama mashine mbili zikichezana. Lakini mwajiri hamwajiri karani kwa kuwa ni mtu. Humwajiri kwa kuwa kazi inatakiwa kufanywa, na akipata wa kuifanya kwa senti chache, karani ataambiwa kwaheri.

Hayo si mambo ya kubuni. Kwa miaka mingi maelfu ya vijana wetu waliohitimu vyuo vikuu walijipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia. Gazeti la New York Times liliandika habari hiyo mwaka 2019. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyofanya uuzaji wa huduma hiyo kuwa kosa la jinai nchini England. Lakini sheria haikuwatisha vijana wetu kama ilivyowatisha mashine iliyotokea Novemba ya mwaka huo huo. Mnunuzi aliyekuwa akilipa dola kadhaa kwa ukurasa aligundua kwamba angepata ukurasa bure.

Kijana mmoja niliyemfundisha alikuwa katika kazi hiyo. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora niliopata kuwa nao. Alikuja ofisini kwangu kuomba barua ya mapendekezo, nikamwuliza anaendeleaje. "Mwalimu, ile kazi imekufa," alisema. "Sasa nashughulika na tafsiri. Mashine inatafsiri, mimi nafuata nyuma kusahihisha, na nalipwa chini ya nusu ya bei ya zamani. Zamani nilikuwa mpishi. Sasa naosha vyombo vya mpishi mwingine."

Sikujua nimkemee au nimwonee huruma. Kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa udanganyifu, na nilipaswa kumwambia hivyo. Lakini kazi hiyo ya udanganyifu ndiyo iliyomlipia dada yake karo mpaka kidato cha nne, wakati shahada tuliyompa sisi ilikuwa imekaa kabatini. Baada ya yeye kuondoka nilijihoji mwenyewe. Mimi ndimi niliyemfundisha kupanga hoja, kuunganisha aya, kunukuu na kuhitimisha. Nilimfundisha kusema vizuri jambo lolote, hata lisilo lake. Ustadi huo mtupu, wa maneno yaliyopangika bila mwenyewe, ndio mashine iliokuja kuuchukua. Ningeweza kumlaumu yeye peke yake, lakini lawama hiyo haingekuwa ya haki. Ni sisi walimu tuliompa alama kwa ustadi huo, tangu insha ya darasa la nane hadi tasnifu ya chuo kikuu. Tumewatuza wanafunzi kwa miaka mingi kwa kuandika kama mashine, na sasa tunalalamika kwamba mashine inaandika kama wao.

Nigeukie sasa neno mshirika, kwa maana hulitumia kwa wepesi wale wanaotuuzia mashine hizi. Kwetu neno hili lina uzito. Nenda kwa mkulima wa kahawa wa Nyeri au Kisii umwulize ushirika ni nini. Atakuonyesha kitabu cha uanachama na hisa zake. Atakwambia kwamba upo mkutano wa mwaka, na kwamba aliyeleta matunda ya kahawa ana haki ya kusimama na kuuliza bei. Huenda akakulalamikia kuwa viongozi wamekula fedha, lakini malalamiko hayo yenyewe yanatokana na kujua kwamba chama ni chake.

Je, katika ushirika huu wa akili unde, hisa zetu ni ngapi? Mnamo Januari 2023 jarida la TIME la Marekani lilifichua kwamba kampuni ya OpenAI, kupitia kampuni nyingine iliyopewa kandarasi, iliwatumia wafanyakazi hapa Kenya kusoma na kuainisha maandishi ya kutisha, yakiwemo ya unyanyasaji wa watoto, mauaji na mateso, ili mashine ijifunze kuyakwepa. Walilipwa chini ya dola mbili kwa saa. Baadhi yao walieleza jinsi kazi hiyo ilivyowaumiza kiakili. Mwalimu anayeisifu mashine kwa adabu yake ajue basi adabu hiyo ilitoka wapi. Mashine haitukani kwa sababu Mkenya alisoma matusi kwa niaba yake.

Tumeleta kahawa, nayo imekobolewa ng'ambo, kisha tunauziwa kikombe. Maandishi yetu yamo ndani ya mashine bila kuombwa. Vijana wetu wamo ndani yake kwa ujira mdogo. Katika daftari la wanachama jina letu halimo. Ndiyo maana nilisema tukumbuke kuwa akili hii imeundwa, na yupo aliyemlipa fundi. Mashine yenyewe haichagui kuwa mshirika wala mshindani. Katika soko la kazi anayechagua ni mwenye mali. Tukiendelea kuiuliza mashine swali hili, mwenye mali atakaa pembeni akitabasamu.

Hata hivyo mwalimu hawezi kurudi darasani Jumatatu na kuwaambia wanafunzi kwamba yote yako mikononi mwa matajiri wa Marekani. Yapo yaliyo mikononi mwetu, na naomba niyataje.

Kwanza, tubadilishe tunachokiuliza. Insha ya "Umuhimu wa elimu" au "Madhara ya dawa za kulevya" imeandikwa mara milioni, na mashine itaiandika mara ya milioni na moja bila kutoa jasho. Lakini haiwezi kuandika jinsi muuza samaki wa soko lenu anavyomwita mteja asubuhi na anavyomwita jioni samaki wanapokaribia kuoza. Haijui jina ambalo babu yako hutumia kwa mvua ya siku tatu. Mwanafunzi atumwe huko, arudi na daftari lenye vumbi, kisha asimame mbele ya wenzake aulizwe maswali. Aliyekwenda atajibu. Asiyekwenda hana mashine itakayomsimamia.

Pili, tusiifiche mashine chini ya dawati kama kitu cha haramu. Tuilete mbele ya darasa. Mpe mwanafunzi tafsiri ya mashine mwambie aikosoe: ngeli zimelandana? Saa zimehesabiwa Kiswahili? "Yeye ni daktari" imekuwa mwanamume na "yeye ni muuguzi" imekuwa mwanamke, ilhali Kiswahili hakikusema hivyo? Zoezi kama hili linafundisha sarufi kuliko kurasa kumi za kukariri. Nalo hufichua jambo moja: mwanafunzi asiyejua Kiswahili hawezi kuisahihisha mashine. Akili unde humsaidia sana anayejua tayari, na humdanganya sana asiyejua. Hivyo wale wanaosema kwamba sasa hakuna haja ya kufundisha sarufi na msamiati wamekosea kabisa. Bibi wa mtaani kwetu aligundua kosa la saa nane kwa sababu saa za Kiswahili zilikuwa kichwani mwake kabla ya tangazo kubandikwa ukutani.

Tatu, tusizitegemee programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Kampuni ya OpenAI yenyewe iliiondoa programu yake ya aina hiyo mwezi wa Julai 2023 kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka huo huo kwamba programu kama hizo huwatuhumu kupita kiasi watu wanaoandika Kiingereza kama lugha ya kigeni, yaani watoto wetu. Ni afadhali mwizi mmoja akaponyoka kuliko mwanafunzi mwaminifu kufukuzwa chuoni kwa ushahidi wa mashine dhidi ya mashine. Mwalimu anayemjua mwanafunzi wake, aliyemsikia akizungumza na kumwona akiandika, hahitaji mpelelezi.

Nne, na hili ni la serikali na vyuo vikuu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha saba, inaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na inaiagiza dola kukuza na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Mwezi wa Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa akili unde wa miaka 2025 hadi 2030. Ni jambo la kupongezwa, lakini mkakati bila ghala ni mkulima bila shamba. Mwanzo mzuri tunao: mradi wa Kencorpus, uliofanywa na watafiti wa vyuo vikuu vyetu, ulikusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Wapo pia vijana wa Kiafrika wa mtandao wa Masakhane wanaojitolea kuzitafitia lugha zetu wenyewe. Juhudi hizi zisiachiwe wafadhili wa kigeni. Rekodi za nyanya wa Lamu, wa Vanga na wa Pate zikusanywe kwa idhini yao, zihifadhiwe hapa nchini, na kampuni inayozitaka ije ikae mezani kuuliza bei. Hapo ndipo tutakapoanza kuandikwa katika daftari la ushirika.

Nyinyi wanafunzi nawaachia neno moja, nalo si la kuwatisha. Mtaambiwa na wengi kwamba mashine itawanyang'anya kazi, na kwa baadhi ya kazi ni kweli. Mtaambiwa na wengine kwamba mkijifunza kuitumia mtakuwa salama. Hilo nalo ni nusu ya ukweli, maana kila mtu atajifunza kuitumia, na kitu ambacho kila mtu anacho hakina bei. Kilichobaki ni kile ulicho nacho wewe tu: ulichokiona, ulichokisikia, ulichokifikiria usiku ukakataa usingizi. Mashine ni mshindani mkali sana wa mtu asiye na lake la kusema. Aliye na lake la kusema atapata mtumishi ndani yake, ingawa ni mtumishi wa kuchungwa.

Na kwa mwalimu yule aliyesimama ukumbini, jibu langu ni hili. Baadhi ya insha unazozisahihisha usiku si za mtu yeyote. Usizikasirikie. Zirudishe asubuhi bila alama, mwite mwanafunzi karibu, mwulize nyanya yake alisema nini jana. Kisha mpe kalamu aandike, hata kama ataandika kitwa. Nywele za kununua zina mahali pake, lakini lazima kiwepo kichwa cha kuzivalia.